Dakika Arobaini za Kununa

Naomba lieleweke tangu mwanzo kwamba sikupoteza njia. Mtu aliyepoteza njia hajui alipo, na mimi kwa siku tano, mchana na usiku, nilijua tulipo kama ninavyojua kilipo kitanda changu. Lakini Jumatatu asubuhi, miguu ikiwa bado inanidanganya kwamba sakafu inayumba, nilipita klabuni kuchukua koti langu la mvua nikakuta karatasi imebandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: KOSA LA NJIA LAISHUSHA MAMA MKWE HADI NAFASI YA TATU. Mama Mkwe ndiyo boti yetu. Ina jina rasmi refu ambalo hakuna anayelikumbuka. Tunaiita Mama Mkwe kwa sababu haitaki utani na haisahau ulichoikosea. Na anayepanga njia ya Mama Mkwe, huu ni mwaka wa tisa, ni mimi.

Niliisoma ile karatasi mara tatu. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Kosa la njia! Kana kwamba njia ilijipanga yenyewe, au kana kwamba niliipanga mimi peke yangu kwa siri, na nahodha alipoamka akakuta tumeshafika pabaya. Huyo nahodha ni kaka yangu, tumbo moja, amenizidi miaka miwili na hajawahi kuniacha niisahau hiyo miwili. Nitamsema hapa mpaka nitosheke, kwa sababu mezani sikuruhusiwa.

Meza nayo lazima niieleze. Mwenye boti ni mama mmoja mstaafu tunayemwita Daktari. Aling'oa watu meno kwa miaka thelathini na mbili, na siku alipofunga zahanati yake akanunua boti ya matanga, wenzake wakamwona kachanganyikiwa. Mwenyewe hapandi, bahari inamtapisha. Lakini siku ya tatu baada ya kila mbio, saa kumi alasiri, mabaharia wote tunakaa naye katika kilichokuwa chumba cha kungojea wagonjwa, kwenye meza ndefu ya mbao, na kila mtu anataja kosa lake. Lake, si la mwenzake. Ukigusa la mwenzako, Daktari anagonga meza kwa kalamu na zamu yako imekwisha. Tunaanza na wa mbele ya boti tukirudi nyuma: fundi wa matanga, mshika usukani, mpanga njia, na mwisho kabisa nahodha. Daktari anaandika yote kwenye daftari kubwa la wagonjwa la zamani, analifunga, ndipo anapotangaza nani atakaa wapi mbio zijazo.

Watu wa boti nyingine wanaisifu sana hiyo sheria. Wanaisifu kwa sababu hawajawahi kukaa pale. Mimi naona ilitungwa na mtu asiye na kaka. Hebu fikiria: kosa amelifanya aliye juu yangu, mbele ya macho yangu, huku namkataza. Limebandikwa ubaoni kwa jina la kazi yangu. Halafu nikae kimya na heshima zangu nimsubiri alitaje mwenyewe akipenda, tena baada ya zamu yangu kupita! Na hizo mbio zijazo hazikuwa mbio za kawaida. Zilikuwa Mbio Kuu, za kuvuka bahari nzima, siku ishirini na kitu bila kuona nchi kavu, na huja mara moja tu kila miaka minne. Za kwanza nilikuwa mgeni kwenye boti, wakaniacha. Za pili nilikuwa nimevunjika mkono. Hizi za tatu zilikuwa zangu. Kiti cha njia katika Mbio Kuu ndicho kitu pekee maishani nilichokitaka mpaka nikaogopa kukitamka mbele za watu.

Sasa nieleze ilivyokuwa baharini, na kila mtu apime.

Tulikuwa boti tisa. Kutoka bandarini, kuzunguka kisiwa chenye mnara wa taa, na kurudi: maili mia sita na ushee. Siku tatu za mwanzo zilikuwa tamu. Tulikizunguka kisiwa tukiwa wa kwanza. Maili mbili nyuma yetu ilikuwa Bibi Harusi, boti mpya yenye matanga meupe pe, na nahodha wake alisoma darasa moja na kaka yangu. Wanashindana tangu enzi za mitihani, na mpaka leo hawajamaliza. Maili kumi nyuma ya hao ilikuja Kobe, boti kuukuu ya mbao ya mume na mke wenye duka la vitasa. Kobe tulikuwa tukiipungia mkono tukikutana nayo, kwa huruma.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilichukua utabiri kwenye redio, nikaulinganisha na kipimahewa changu na mawingu niliyokuwa nayaona kwa macho yangu. Habari ilikuwa moja. Usiku ule upepo wa kandokando ya pwani ungekata kabisa. Maili thelathini nje, baharini, ungeendelea kuvuma. Kama tungegeuka nje tungeongeza maili kumi na nane katika safari yetu, na bado tungefika mapema kwa muda wa saa nne. Nilipiga hesabu, nikaifuta, nikaipiga tena kwa namna nyingine. Jibu halikubadilika. Nikapanda juu na ramani yangu.

"Kaka, tugeuke sasa hivi. Twende nje."

"Bibi Harusi anaelekea wapi?"

"Sikuambii habari za Bibi Harusi. Nakuambia upepo uko wapi."

"Na mimi nakuuliza Bibi Harusi anaelekea wapi."

Bibi Harusi alikuwa anaambaa na pwani. Na kaka yangu alikuwa ameamua kumfunika. Kufunika ni hivi: ukiwa mbele, unakaa kati ya mpinzani wako na mstari wa mwisho. Akigeuka, unageuka. Akipata upepo, nawe unaupata. Akiukosa, mnaukosa wote wawili, na bado uko mbele. Ni mbinu halali na imeandikwa katika vitabu vyote. Inafaa ukiwa na mpinzani mmoja na mmebakiza saa mbili. Sisi tulibakiza siku nzima na zaidi, na wapinzani walikuwa wanane.

"Na wengine je?" nilimwuliza. "Kobe je?"

Alicheka. Mshika usukani wetu, ambaye tunamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha hesabu sekondari, naye akacheka. Fundi wa matanga hakucheka, lakini aligeuza uso upande wa pili, na hilo lilinikera zaidi.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "Kobe atafika Jumatano. Tutakuwa tumeshaoga."

"Kaka, nimepiga hesabu mara mbili. Tazama hapa tu, huu mstari—"

"Umesema, nimesikia. Sasa shuka ukatulie na ramani zako. Nikikuhitaji nitakuita."

Nikikuhitaji nitakuita! Mbele ya watu wote! Miaka tisa nimempeleka na kumrudisha, hajagusa mwamba hata mmoja, nimemtoa kwenye ukungu ambao alikuwa haoni hata mkono wake, leo ananiambia nikikuhitaji nitakuita. Maneno hayo hayo alikuwa akiniambia utotoni kupitia mlango wa chumba chake, akiwa na rafiki zake ndani. Nilishuka. Niliona bora nishuke kuliko watu wauone uso wangu. Nikajikaza, nikaandika kwenye kitabu cha safari saa na ushauri niliotoa, herufi zikachimba karatasi. Kupitia kidirisha changu niliiona Kobe ikigeuka taratibu kuelekea nje. Tanga lake la kahawia likaenda likipungua mpaka likapotea.

Usiku upepo ukakata, vile vile nilivyosema, na karibu saa ile ile niliyosema.

Asubuhi ya siku ya tano bahari ilikuwa imetulia kama sakafu iliyopigwa deki. Matanga yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Bibi Harusi alikuwa hatua chache nyuma yetu, karibu kiasi cha kuwasikia wakikohoa. Mbinu ya kaka yangu ilikuwa imefaulu mia kwa mia: Bibi Harusi hakuweza kutupita. Wala sisi hatukuweza kwenda popote. Nilichukua kikombe nikapanda juu, nikakaa chini ya mlingoti. Hakuna aliyenisalimia kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyesema ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimejitayarisha kulisikia hilo neno, nimejitayarisha hata kulipokea kwa unyenyekevu, na halikuja.

Sasa tunafika pale ambapo ningependa kuruka, lakini nimeahidi kueleza.

Saa mbili na dakika ishirini niliona vitu vitatu. Juu ya nchi kavu kulikuwa na vijiwingu vilivyojipanga mstari, vinavimba kwenda juu. Sindano ya kipimahewa ilikuwa imeteremka kidogo. Na upande wa bahari, mbali sana, maji yalikuwa na ukanda mwembamba mweusi. Ukiviweka pamoja, vinasema jambo moja: nchi inapata joto, na upepo mpya utaingia kutoka baharini. Ulikuwa umebaki upepo kidogo, pumzi tu, lakini ungetosha kuisogeza Mama Mkwe hadi ukingo wa ule ukanda. Ambaye angefika pale kwanza angeondoka huku mwenzake amesimama. Na kaka yangu alikuwa ameielekeza boti pwani, anatafuta mabaki ya upepo wa usiku.

Maneno yalikuwa matatu: kaka, geuka nje. Nilikuwa nayo mdomoni tayari. Nikayameza. Nikasema moyoni, akinihitaji ataniita.

Mtu anaweza kudhani ni jambo la sekunde moja, hasira ikampanda, ikashuka, nafasi ikawa imepita. Hapana. Zilikuwa dakika arobaini. Nilikuwa na saa mkononi na niliitazama. Niliutazama ule ukanda unavyopanuka. Mara moja kaka aligeuka akaniangalia, nami nikaangalia ndani ya kikombe changu ambacho hakikuwa na kitu. Nilikuwa nimenuna, na kununa kule kulikuwa kunanipa raha fulani ambayo sitaki kuieleza.

Kisha Bibi Harusi akageuka. Polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, akaelekea nje. Dakika kumi baadaye tulisikia maji yakianza kuzungumza mbele ya boti yake, na yale matanga meupe yakajaa. Kaka alipiga kelele, tukageuza, tukavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, lakini mwenzetu alikuwa keshakwenda. Tulimfukuza mchana kutwa. Tulipovuka mstari wa mwisho, Bibi Harusi alikuwa amefika dakika kumi na moja kabla yetu. Na Kobe? Kobe ilikuwa imeshafungwa gatini saa mbili nzima kabla yetu. Mume na mke walikuwa wanakunja matanga, wakatupungia mkono. Kwa huruma, naona.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Kobe ilitupita kwa sababu ya kaka yangu. Bibi Harusi alitupita kwa sababu ya mtu aliyekaa chini ya mlingoti. Lakini ile karatasi ya ubaoni haikusema hivyo, na hata baada ya kujua nilichokijua, bado ilinikata maini. Mtu anaweza kuwa na kosa na bado akasingiziwa lingine.

Kazi yangu ya mchana ni kupanga ratiba za mabasi. Nina mabasi sabini na manne na hakuna hata moja linalonijibu. Jumatatu ile dereva wa kwanza aliyekuja kuchukua ratiba yake aliigeuza huku na huku dirishani kwangu.

"Bibi Ramani, una uhakika hii inaishia stendi? Nisije nikajikuta kisiwani."

"Chukua uondoke."

"Nauliza tu, mama. Nina abiria."

Wenzangu ofisini walicheka mpaka wakashika meza. Nami nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba njia niliitoa, ikakataliwa, na ushahidi upo kwa maandishi. Yote yalikuwa kweli. Niliyasema mara nyingi siku ile, kwa kila aliyeuliza na kwa wawili ambao hawakuuliza.

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, alikuja wifi yangu, mke wa kaka. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Kaka yako hali chakula," alisema.

"Shauri yake. Ale, asile, mimi si mpishi wake."

"Mbona unanitolea macho mimi? Mimi hata kuogelea sijui."

"Amekutuma?"

"Angenituma nisingekuja. Nimekuja kuuliza kwa nafsi yangu. Mlifanyiana nini huko?"

"Mwulize yeye."

"Nimemwuliza. Kaniambia nikuulize wewe."

Hapo nilisimama nikafunga kabati ambalo lilikuwa limeshafungwa. Nikuulize wewe! Maana yake nini? Wifi alirudisha kiti alikokitoa, akasema sisi watu wa ukoo huu tungezaliwa bila ndimi ingekuwa nafuu kwa waliotuoa, akaenda zake. Mimi nikabaki nikijiambia kwamba kaka amejipanga. Atakaa mezani pale, atataja kijikosa cha kamba au cha kuchelewa kula, na karatasi ya ubaoni itamalizia kazi. Na kama mimi, zamu yangu ikija kabla yake, nitakuwa nimezitaja dakika arobaini, daftari lote litakuwa na kosa moja kubwa nalo litakuwa langu. Mpumbavu gani atafanya hivyo? Mwaka wa tisa, Mbio Kuu ziko mlangoni, nijifukuze mwenyewe kwa mdomo wangu ili yeye abaki? Usiku ule niliamua. Nitasema kitu kidogo. Akisema kikubwa chake, haki itakuwa imetendeka. Asiposema, angalau sitakuwa nimejichimbia kaburi.

Jumatano saa kumi tulikaa. Kile chumba bado kina harufu ya dawa ya meno ya zahanati, na kwenye kona kuna kiti cha wagonjwa, kile cha kulala, ambacho sasa kinabeba mifuko ya matanga. Daktari alivaa miwani yake, akafungua daftari.

Fundi wa matanga alianza. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mwashi, na haongei sana. "Siku ya kwanza nilifunga vibaya kamba ya tanga la mbele. Tulipoteza dakika tatu. Na kuna siku niliona neno la kusema, nikageuza uso." Daktari akaandika.

Mwalimu akafuata. "Siku ya tatu alfajiri nilisinzia kwenye usukani, boti ikapinda. Halafu, siku ya nne, nilicheka."

"Ulicheka nini?" Daktari aliuliza.

"Mpanga njia alipoitaja Kobe. Nahodha akisikia watu wanacheka, anadhani wanakubaliana naye. Mimi nilicheka tu kwa mazoea. Sikuwa nimefikiri."

Nilimtazama Mwalimu nikakosa pa kuyaweka macho yangu. Nilikuwa nimemchukia kwa siku nne kwa ajili ya kile kicheko, na sasa kakitoa mwenyewe, hata hakuombwa. Nilihisi dakika arobaini zikinipanda kooni. Kisha nikamwona kaka, ameketi mwisho wa meza, uso mkavu, hasomeki, nikakumbuka lile neno lake, nikikuhitaji nitakuita.

"Mpanga njia," Daktari alisema.

"Siku ya pili," nilisema, "vipimo vya saa kumi na mbili jioni niliviandika saa moja. Nilichelewa saa nzima."

Kalamu ya Daktari haikuandika. Ilibaki juu ya karatasi.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akaandika. Aliandika polepole, na chumba kizima kikawa kinasikiliza kalamu.

"Nahodha."

Kaka yangu aliweka mikono yote miwili mezani. "Ninayo mawili," alisema. "La kwanza, siku ya nne mchana. Kulikuwa na boti nane nyuma yangu, mimi nikaona moja tu, kwa sababu ya mambo ya zamani kati yangu na nahodha wake. Nikamfunika mtu mmoja nikawaachia wengine bahari nzima. Nilishauriwa vizuri, kwa ramani na kwa hesabu, nikamfukuza aliyenishauri mbele ya mabaharia wote. Ushindi ulikwenda hapo. Ile karatasi ya klabuni nimeibandua leo asubuhi na nimewaambia waandike upya."

Kifua changu kilifunguka. Nilikaribia kupiga meza. Hatimaye! Mbele ya watu wale wale! Nilitaka aseme tena, taratibu, wifi aitwe asikie, yule dereva wa basi aitwe. Nilikuwa natabasamu, naungama, nilitabasamu.

"La pili," kaka aliendelea. "Siku ya tano asubuhi. Nilijua kwamba mpanga njia wangu ameona kitu. Namjua tangu anajifunza kutembea. Akiona kitu hukaza shingo na kuanza kuangalia saa. Niligeuka nikamtazama, nikajua kabisa kwamba ameona. Ilikuwa nimwite tu. Neno moja. Sikumwita, maana ningemwita ningekuwa nimekiri kwamba jana yake nilikosea. Nikasema, ataanza yeye. Nikamngoja dakika arobaini. Nafasi ya pili ilikwenda hapo."

Kila mtu alitazama kalamu ya Daktari, tuone kama itagonga. Haikugonga. Na isingegonga, kwa sababu hakuwa amelitaja kosa langu. Alikuwa amelitaja lake, akalifikisha mwisho, na langu likawa limebaki wazi mezani bila kuguswa na mtu. Mwalimu aliangalia vidole vyake. Fundi wa matanga safari hii hakugeuza uso, aliniangalia mimi, naye alikuwa na huruma, na hiyo huruma sikuiomba.

Nikuambie hasira niliyoisikia pale? Maisha yangu yote huyu mtu amenitangulia. Alinitangulia kuzaliwa, akanitangulia baharini, akanitangulia unahodha, na sasa hata ukweli, ambao ulikuwa wetu sote wawili sawasawa, alinitangulia kuusema. Na kati yetu wawili, zamu ya kwanza alikuwa amepewa nani? Mimi.

"Daktari," nilisema. "Lile langu lifute. Ninalo lingine."

"Zamu yako imepita."

"Najua."

Alinitazama juu ya miwani. "Sema."

Nikasema. Vijiwingu, sindano, ukanda wa maji, saa ya mkononi. Nilisema niliona na nilijua, na nilinyamaza makusudi kwa sababu nilitaka aaibike, na kwamba nilipendelea tushindwe yeye akiwa na kosa kuliko tushinde nikiwa nimemsaidia. Sauti ilinikatika mahali fulani katikati, nikaendelea nayo hivyo hivyo. Nilipomaliza, Daktari hakulifuta la kwanza. Aliandika la pili chini yake, akafunga daftari.

"Mbio Kuu," alisema. "Fundi, mbele, kama kawaida. Mwalimu, usukani, na ulale vya kutosha. Nahodha anabaki. Kiti cha njia nitatafuta mtu."

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Mimi tu? Daktari, mimi tu? Zile dakika tulinyamaza wawili! Yeye anabaki, mimi natoka? Nilikuwa sahihi siku ya nne! Mimi ndiye niliyekuwa sahihi!"

"Ulikuwa sahihi," Daktari alisema. "Hakuna mpanga njia mzuri kuliko wewe katika bandari hii, na kwa hilo naumia. Lakini sikutoi kwa ajili ya kunyamaza kule. Kule mlikuwa hamjalala, mmegombana, mna njaa. Kila mtu ana siku yake. Nakutoa kwa ajili ya hapa. Umekaa nchi kavu, umeoga, umelala siku tatu. Nikakuuliza, ni hilo tu? Ukanitazama usoni, ukaniambia ni hilo tu. Wakiwa siku ya kumi na tano baharini, mimi nitakuwa hapa na redio. Sitakuwa na kingine cha kuamini ila maneno ya mpanga njia."

"Daktari," kaka alisema, "kama yeye haendi, na mimi—"

"Wewe kaa kimya!" nilimwambia, kabla Daktari hajamjibu. "Usithubutu. Utakwenda, na utamsikiliza atakayekuja."

Kaka akainamisha kichwa. Nilibaki nimesimama, nikitafuta mtu wa kumkasirikia. Nilianza na Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa amekitaja kicheko chake. Nikaenda kwa Fundi, naye alikuwa ameutaja uso aliougeuza. Kaka yangu alikuwa ametaja yote mawili, na Daktari alikuwa ameniuliza swali moja tu, akaandika nilichojibu. Niliizunguka meza yote kwa macho, nikarudi nilipoanzia. Kisha nikainua kiti kilichoanguka, nikakirudisha mahali pake, na nikaomba kuonyeshwa huyo mpanga njia mpya akipatikana, kwa sababu pale karibu na kisiwa cha mnara wa taa, ambacho Mbio Kuu nazo hukipita kabla ya bahari kuu, kuna miamba miwili ambayo haiko kwenye ramani yoyote, na ni mimi tu ninayejua ilipo.